Tepu ya Arubaini

Mardhiya binti Obeid hakuwa fundi wa kitu chochote kinachotumia umeme, na majirani zake wa Mkomani walimwambia hivyo bila kuulizwa. Yeye alikuwa mshona kofia, zile kofia za vitundu ambazo waume wa Amu, yaani Lamu, huzivaa Ijumaa na kutembea kwa madaha kana kwamba wamezishona wao. Mume wake alikuwa keshafariki, binti yake Afra ameolewa Mombasa, na katika nyumba ya mawe walibaki wawili: yeye na dada wa mamake, Bi Ummu, aliyemlea. Wawili, na ile mashine.

Mashine ilikaa chumba cha ndani, juu ya kasha, imefunikwa leso. Ilikuwa tepu rekoda ya kizamani, si hizi za kaseti. Ya rili mbili kubwa kama sahani, utepe ukitoka huku ukijizungusha kule. Babake, Obeid, aliileta kutoka Kuwait alikokuwa akifanya kazi. Siku Mardhiya alipotimiza siku arubaini tangu azaliwe, wanawake walijaa nyumbani kumwimbia na kumfukiza udi, na mashine ikawekwa katikati ya mkeka ikawanasa wote. Mamake, Sumeiya, naye alisema neno mle. Halafu homa ikamshika, na kabla mtoto hajaota jino, Sumeiya akazikwa. Obeid akarudi Kuwait, akaoa huko, akafia huko.

Basi Mardhiya alikua hajui mamake alizungumza vipi. Picha alikuwa nayo moja, msichana mwembamba anayejizuia kucheka, lakini picha haisemi. Kila alipouliza, “Mamkubwa, mama aliniambia nini siku ile?” Bi Ummu alimjibu neno lile lile.

“Amana ya mtu haisemwi na mwingine. Utasikia kwake mwenyewe.”

Kusikia kwenyewe sasa! Mashine ilikufa zamani, Mardhiya angali anacheza mdako. Nawe utasema: si wangempa fundi? Kwani hujui Amu wewe. Sauti zilizokuwa mle ni za wake za watu, zimeimba bila buibui wala haya, na Bi Ummu alikuwa amewaapia mmoja mmoja kwamba sikio la mwanamume halitawasikia. Wengi wao wako makaburini sasa. Bi Ummu alisema kiapo hakizikwi na mtu. Hata simu aliikataa isizinase sauti zile, tangu ile video ya wanawake wakicheza harusini ilipozunguka mji mzima na kurudi kwa waume zao. “Simu haina mlango,” alisema, na hapo alisema kweli.

Mashine yenyewe pia hairuhusiwi kutoka nje. Bi Ummu aliamini kwamba sauti ya ndugu yake imo ndani ya chuma kile kama ilivyo kwenye utepe, na kila Alhamisi jioni alileta chetezo na kuifukiza mashine na tepu yake, kama mtu anavyofukiza nguo za bibi harusi. Miaka yote hiyo hakuacha hata Alhamisi moja. Na Mardhiya, utotoni, alikuwa akipita mlango wa ndani mbio, maana alidhani mle mna mtu.

Mwaka huu, baada ya mfungo, akili ya Bi Ummu ikaanza kufumuka. Mwanzo alisahau alikoweka ufunguo. Kisha akasahau ufunguo ni wa nini. Tangu Mardhiya apate akili, hapakupita adhuhuri bila bibi huyo kuuliza, “Umekula, Mardhiya?” hata siku walizogombana. Sasa alianza kuuliza, “Umekula, Sumeiya?” na baadaye akaacha kuuliza kabisa.

Siku moja Mardhiya alimkamata mikono. “Mamkubwa, mama alisema nini katika tepu?”

Bi Ummu akamtazama kwa adabu, kama mgeni. “Mama yupi?”

Hapo Mardhiya akamwachia mikono. Maneno ya mamake yalikuwa na walinzi wawili tu duniani, utepe na bibi kizee huyu, na wote wawili walikuwa wanamomonyoka mbele ya macho yake. Akavaa buibui, akatoka.

Nyuma ya soko alikuwepo fundi mmoja, Ndirangu, mtu wa bara, wa Nyeri, mwenye kibanda cha simu, redio na betri za sola. Amekaa Amu hadi amejifunza kusalimu salamu zote saba, ingawa bado anakunywa chai yake na maziwa mengi ya kutisha.

“Ya rili? Hiyo sijawahi fungua, Bi Mardhiya, sitakudanganya,” alisema. “Kaseti nazijua. Lakini umeme ni umeme. Ilete tuone.”

“Hailetwi, Bwana Ndirangu.”

“Basi nitakuja.”

“Hutaingia.”

Ndirangu akaweka bisibisi chini. “Sasa, mama, nitaitengeneza na maombi?”

Mardhiya akamweleza yote: kiapo, wanawake, Bi Ummu. Alitarajia atacheka. Ndirangu hakucheka. Alisema kwamba mamake mwenyewe alizikwa yeye akiwa huku kisiwani, akafika kaburi limekwisha kufunikwa. “Nitakaa nje hapo barazani kwako,” alisema. “Wewe utafungua. Mimi nitakuambia.”

Ndivyo ilivyokuwa, na mtaa ukapata la kusema. Alasiri, kibanda kikifungwa, Ndirangu alikaa kwenye daka, lile baraza la mawe la mlangoni, na birika la chai. Mardhiya alikuwa ndani amepiga magoti mbele ya mashine iliyo wazi matumbo. Akipiga picha kwa simu, akitoka hadi mlangoni, akionyesha, akirudi. Jirani yao Mwana Husni, ambaye shingo yake imerefuka kwa kuchungulia, alisema hajapata kuona posa ya namna hiyo. Mardhiya akamjibu kwamba posa hii bwana harusi ni chuma, akamfungia dirisha.

Picha ya kwanza ilimtoa Ndirangu macho. “Hii nyeusi ni nini? Kwani mnapikia humu?”

“Ni udi.”

“Udi?”

“Wa kila Alhamisi.”

Kile kichwa kidogo cha chuma ambacho utepe hukipapasa ili usomwe, chote kilikuwa kimegandwa na moshi mnene kama ukoko. Yale mapenzi ya Bi Ummu ndiyo yaliyoiziba mashine mdomo. Ndirangu akamwelekeza: spiriti ya kuwashia karabai, pamba, taratibu, usikwaruze. Mardhiya alifuta na kufuta, na chumba kikanuka udi wa miaka yote ile kwa mara moja, wa harusi na wa matanga, hata Bi Ummu akainuka kitandani akauliza nani amefariki.

Mwanafunzi akikosa hujifunza, ila Mardhiya alikosa kwa bidii. Aliambiwa, ukishachomoa waya usiguse ndani upesi, mle mna kapasita, vijipipa vinavyoweka umeme hata stima ikiwa imezimwa. Akagusa. Alirushwa hadi kwenye kasha, mkono ukamfa ganzi, na kule dakani Ndirangu akasikia kishindo na kelele, “Yallah!” asijue aingie au akae. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

“Bi Mardhiya! Uko hai?”

“Nipo! Usiingie!”

Vijipipa viwili vilikuwa vimevimba. Hivyo vilibadilishwa, Mardhiya alilehemu mwenyewe, na lazima niseme, mkono uliozoea kutia sindano kwenye vitundu vya kofia haukutetemeka. Ule muungurumo uliokuwa ukitoka kila stima ikiwashwa, muungurumo wa mtu anayeugulia ndani ya pipa, ukaisha.

Ila kulikuwa na jambo moja. Alipokuwa akirudisha vitufe mahali pake, kilibaki kipande. Ulimi mdogo wa chuma, mrefu kama ukucha, uliokuwa karibu na kitufe chekundu. Akaugeuza huku na huku asione pengo lake.

“Kuna kitu kimebaki?” Ndirangu aliuliza kutoka nje, kama anayeona kupitia ukuta.

Mardhiya aliona haya. Juzi tu alikuwa amerushwa na umeme. Leo aseme amepoteza mahali pa chuma? “Hakuna,” akasema, akautia ule ulimi katika kikombe cha vifungo.

Kisha ukaja mkanda wa raba unaozungusha magurudumu. Ule wa asili ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Ndirangu alisema asubiri, atatafuta. Mardhiya hakuweza kusubiri. Kesho yake asubuhi, peke yake, alichukua mpira wa kiuno cha suruali katika kapu lake la kushonea, akaushona duara, akauvisha. Akatoa tepu katika boksi lake, akaupitisha utepe pale alipoonyeshwa, akasoma Bismillahi, akabonyeza.

Rili zikazunguka. Na ndani ya chumba kile, ambamo hajaingia mwanamume tangu mumewe atolewe akiwa kwenye jeneza, wanaume wakaanza kuimba.

Walikuwa wengi. Sauti nzito, za pole pole, za chini ya ardhi, zikivuta kila neno hadi linakatika. Makofi yao yalikuwa kama magogo yanayoanguka mbali. Nywele zilimsimama Mardhiya. Bi Ummu alitokea mlangoni ameshika ukuta, anasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya juu, na hiyo, ajabu, hakuisahau hata herufi.

“Umewaleta nani?” alipiga kelele. “Umewaleta nani ndani mwangu?”

Mardhiya akachomoa waya. Siku nzima hakuingia chumba kile. Ndirangu alipoelezwa alishika mbavu. “Ni mpira wako, mama! Umelegea, mashine inakwenda polepole, kwa hivyo sauti inakuwa nene. Hao ni wale wale wanawake wenu.” Akatoa mfukoni mpira mweusi wa duara, wa pampu ya maji, aliouagiza mahsusi. Huu ulikaa kama uliozaliwa pale.

Na kweli, safari hii walikuwa wanawake. Mardhiya alijaribu mwanzo wa tepu tu, kidogo, maana kila utepe ulipopita uliacha vumbi la kahawia kwenye kichwa cha mashine, na Ndirangu alimwonya kwamba vumbi lile ndilo sauti yenyewe. “Kila ukicheza unaila. Usiicheze ovyo.” Alicheza kidogo, na wanawake wa arubaini yake wakaimba kwa nguvu, vigelegele, makofi, mtoto analia, na mtoto huyo ni yeye. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Kulikuwa na kitu kingine mle.

Kabla ya kila wimbo, katika ule ukimya mdogo wa kuvuta pumzi, kulikuwa na mtu aliyetangulia. Sauti ndogo, ya mbali sana, kama ya mtu chumba cha pili, ikiimba ule wimbo kabla haujaimbwa. Halafu wenyewe ndio wanaanza. Mardhiya alizima akaenda kuchungulia chumba cha pili. Akachungulia msalani. Akachungulia hata ndani ya kasha, Mungu amsamehe. Hapakuwa na mtu.

“Mamkubwa, wasikia?”

Bi Ummu alikuwa ameketi mkekani, anatikisa kichwa kwa mdundo. “Wamo,” alisema. “Wamo wote.”

Jambo hilo hakumwambia Ndirangu. Amwone kichaa? Aliweka Msahafu juu ya kasha, akalala chumba cha mbele na taa imewashwa.

Siku aliyoichagua ya kuisikiliza tepu yote ilikuwa Alhamisi. Alimuogesha Bi Ummu, akamvika kanga mpya, akamkalisha mbele ya mashine. Ndirangu alijipa ruhusa asije. Alisema hata dakani siku hiyo hapamfai. Mardhiya akabonyeza na kuacha tepu iende, wimbo baada ya wimbo, na kabla ya kila wimbo yule mtangulizi wa mbali, na Mardhiya alimvumilia kwa kushika mkono wa mamkubwa wake. Nyimbo zikapungua. Kicheko. Kikombe kikagonga sahani. Kisha sauti ya mwanamke mzima, ya kuamrisha, ikasema wazi:

“Haya Sumeiya, nawe mwambie mwanao neno.”

Bi Ummu alishtuka. “Ndimi huyo!” alisema. “Ndimi!” Na kweli alikuwa yeye, sauti yake ya ujana.

Kwenye tepu wanawake wakacheka, wakanyamaza. Ukimya ukakaa. Mardhiya aliinamia mashine. Na hapo hapo, nje, msikiti wa mtaani ukaadhini alasiri.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: sauti ya mtu haipandi juu ya adhana. Redio huzimwa, ugomvi hukatwa katikati. Bi Ummu, aliyesahau jina la mji, hakusahau hilo. “Zima!” akalia. “Zima, waadhini! Zima!” Akainua mkono kuipiga mashine. Mardhiya, kwa mikono miwili, macho ameyatoa, akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Hakikuwa hicho. Kilikuwa cha jirani yake, kile chekundu cha kunasa. Siku zote kitufe kile kilizuiwa na ulimi mdogo wa chuma kisishuke chenyewe, na ulimi ulikuwa ndani ya kikombe cha vifungo. Kikashuka laini. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Rili zikaendelea kuzunguka, na maikrofoni iliyo ubavuni mwa mashine ikaanza kunasa kila kilichosikika chumbani. Mardhiya alipoitambua ile taa, muadhini alikuwa keshafika kwenye shahada.

Aliswali, nadhani. Hata mwenyewe hana hakika. Kisha akarudisha utepe nyuma kidogo akasikiliza. “Haya Sumeiya, nawe mwambie mwanao neno.” Kicheko. Ukimya. Pumzi moja ya mtu anayefungua kinywa. Halafu, Allahu Akbar, Allahu Akbar, na sauti ya Bi Ummu wa leo inayolia zima, zima. Kisha wanawake wa zamani wakashangilia kwa vigelegele neno ambalo halikuwapo tena.

Mardhiya alilia kilio cha mtu aliyefiwa mchana ule ule. Na usifikiri angeweza hata kutukana. Amtukane nani? Kilichofuta sauti ya mamake ni adhana. Huwezi kuilaani, huwezi hata kutamani ifutike. Alifunika mashine na leso. Hakushona kofia. Bi Ummu akimuuliza unalilia nini, alijibu jicho linauma.

Ndirangu ndiye aliyekuja kubisha, amesikia kwa Mwana Husni kwamba nyumba ile imenyamaza. Mardhiya aliketi nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, akamwambia yote, na ulimi wa chuma pia. Alinyoosha mkono na kikombe cha vifungo kama ushahidi.

Ndirangu aliutazama ule ulimi. “Pole, Bi Mardhiya,” alisema. “Kosa ni letu sote. Mimi ningekuuliza mara ya pili.” Kisha akauliza, “Huo ukimya kabla ya adhana. Ni mrefu?”

“Alikuwa na haya. Alikawia.”

“Ndani yake husikii kitu?”

Mardhiya akaona hana cha kuficha tena, akamwambia habari ya yule mtangulizi, sauti ya mbali inayoimba kabla ya waimbaji. Akamwambia na kasha alilolichungulia.

Ndirangu akasimama wima pale dakani. “Mama, kwa nini hukuniambia hiyo?”

“Nikwambie nyumba yangu ina mashetani?”

“Si mashetani! Sikiliza. Kanga mpya, bado mbichi, ukiikunja ukaiweka kabatini mwaka mzima, inakuwaje?”

“Rangi huhama. Ua la juu hujichapa kwenye mkunjo wa chini.”

“Ndiyo hiyo. Tepu imekaa imejikunja miaka mingi. Sauti ya mzunguko huu imejichapa kwenye mzunguko wa jirani. Hata kaseti hufanya, lakini kidogo. Unasikia kivuli chake kabla ya yeye mwenyewe.” Aliishusha sauti. “Wewe umefuta pale aliposema. Pale kabla yake hujapagusa. Kivuli chake kiko kwenye ule ukimya.”

Mardhiya alishika fremu ya mlango. Kitu alichokikimbia wiki nzima, akikisomea Kursiyu, ndicho pekee kilichobaki cha mamake.

Ndirangu alimletea hedifoni kubwa zenye mito na kijisanduku cha kukuza sauti, akamwambia akipandishe hadi mwisho. Akamwambia pia asafishe kichwa cha mashine kwanza, aurudishe ule ulimi wa chuma, akamchorea mahali pake kwa kidole katika vumbi la daka. Na utepe usichezwe ila mara moja, kwa maana pale mwishoni umechakaa zaidi na unaweza kubaki plastiki tupu. Kisha yeye mwenyewe akaenda kusimama kwenye kichochoro, kuzuia punda.

Ilikuwa asubuhi, mbali na adhana yoyote. Mardhiya na Bi Ummu waliketi mkekani, kila mmoja amebana upande mmoja wa hedifoni sikioni, vichwa vimegusana. Bi Ummu alinuka sabuni na udi. Alidhani ni mchezo, akatabasamu.

“Haya Sumeiya, nawe mwambie mwanao neno.”

Kicheko, kikubwa mno kwa sababu ya kile kijisanduku, hadi kikaumiza. Kisha ukimya, unaochemka kama mafuta kidogo kaangoni. Mardhiya alifumba macho. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu, chini kabisa ya mchemko ule, mwanamke akasema. Alikuwa msichana, kumbe. Alikuwa mdogo kuliko Afra. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mbali, yenye kicheko kinachozuiwa, kicheko kile kile cha kwenye picha.

“N'mwambie nini, na mimi nipo? Tamwambia mwenyewe, kula siku.”

Pumzi. Kisha Allahu Akbar.

Basi. Ndiyo yote: atamwambia mwenyewe, kila siku. Si wasia, si dua, si siri ya kumwongoza mtu maishani. Sumeiya hakumwachia mwanawe neno kwa sababu hakujua kwamba anaondoka. Mardhiya aliona sasa kwa nini Bi Ummu hakuweza kulisema kwa kinywa chake miaka yote ile, na moyo ulimuuma kwa ajili ya wote watatu. Aliteremsha hedifoni. Alilia bila sauti, na utepe ukaendelea kupita na kuangusha vumbi lake la kahawia.

Bi Ummu alikuwa bado ameshika upande wake. Alikuwa ameacha kutabasamu. Macho yake yalikuwa makavu, makali, yametulia mahali pamoja, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu mfungo.

“Mrongo,” alisema.

“Mamkubwa?”

“Mrongo huyo. Kula siku, asema! Kula siku!” Alikuwa na hasira, hasira mbichi ya dada kwa dada. “Akaenda zake akalala, hizo siku akaniatia mimi nizibebe.”

Rili ikafika mwisho. Ncha ya utepe ikaponyoka, ikawa inapiga chuma, tap, tap, tap, na hakuna aliyeizima. Bi Ummu aliinua ncha ya kanga yake mpya, akamfuta Mardhiya uso kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyechezea tope, akamtazama vizuri.

“Umekula, Mardhiya?”

“Bado, mama.”